Waraka kwa Wauguzi wa Upasuaji: Kushonwa Si Kupona

Kwa wanachama wa tawi letu walioko wodi za upasuaji, wodi ya wazazi, thieta na chumba cha kuzindukia. Na kwa vijana wetu walioripoti kazini hivi karibuni.

Ndugu wauguzi,

Waraka huu unahusu karatasi moja, ile chati ya vipimo inayoning'inia miguuni pa kitanda cha mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Nitapita wodini na nitaingia thieta, maana huduma yetu inaanzia mbali, ila mkiniona nimechelewa kufika kwenye chati mjue ndiko ninakoelekea.

Ndugu wa mgonjwa wanaamini hatari yote iko mezani pa upasuaji. Wanakaa kwenye benchi nje ya thieta, wengine na rozari, wengine na tasbihi, na mlango ukifunguka wakaliona toroli linatoka na mtu wao anapumua, wanashukuru Mungu na nusu yao wanaanza kuulizia usafiri wa kurudi nyumbani. Hao siwalaumu. Ninachokiogopa ni sisi kushusha pumzi pamoja nao.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa upasuaji katika bara letu. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wengi wao walikuwa vijana, wastani wa umri haukufika miaka 40, na hawakuwa na maradhi mengi ya kuwabebesha mzigo. Pamoja na hayo, asilimia 18 walipata matatizo baada ya kupasuliwa, mengi yakiwa maambukizi, na asilimia 2.1 walifariki, kiwango ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia. Sasa isomeni hii polepole: katika kila vifo 100, vifo 94 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Daktari alikwisha vua glavu, mtaalamu wa usingizi alikwisha hamia kwa mgonjwa mwingine. Aliyebaki na mgonjwa ni muuguzi, mara nyingi mmoja, mara nyingi usiku.

Takwimu hiyo inatuelemea, lakini pia inatupa heshima ambayo hatujaizoea. Inasema sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokea mahali tulipo sisi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kuvizuia iko mikononi mwetu.

Nianze na siku ya kabla. Mgonjwa analazwa jioni, anapewa kitanda, anaambiwa, "Kesho thieta, usile kitu." Basi. Hajui atakatwa wapi, hajui atalala au atakuwa macho, hajui akizinduka atakuta mpira wa mkojo na akishangaa asiuvute. Fomu ya ridhaa anaisaini gizani, au anaweka dole gumba. Kumweleza upasuaji wenyewe ni kazi ya daktari, na daktari asipofanya tumwite arudi afanye. Lakini kukaa ubavuni mwa mgonjwa dakika kumi ukamwuliza, "Mama, shikamoo, daktari amekueleza nini? Hebu niambie kwa maneno yako," hiyo ni kazi yetu, na hapo ndipo utagundua kwamba yule mama wa uvimbe kwenye kizazi haelewi kuwa kizazi chenyewe huenda kikatolewa. Hapo ndipo yule mzee wa busha atakapokuuliza kwa sauti ya chini, akitazama ukutani, kama atabaki mwanamume. Wenzetu wa Lindi, Mtwara na Tanga, ambako upasuaji wa mabusha umefanyika kwa wingi, wanalijua swali hilo vizuri. Mjibuni bila kucheka. Hofu ya mgonjwa inapandisha mapigo na presha, inamnyima usingizi, na wengine inawatorosha wodini alfajiri.

Hapo hapo kitandani ndipo mfundishe mambo atakayotakiwa kuyafanya baadaye: kuvuta pumzi ndefu na kuitoa, kukohoa huku ameukumbatia mto juu ya kidonda, kuzungusha nyayo na kukunja magoti ili damu isigande miguuni. Mtu anayefundishwa kukohoa baada ya kushonwa tumbo anakuona adui yake. Aliyefundishwa jana yake anakumbuka.

Kuhusu kufunga kula, tumekuwa wakali kuliko inavyotakiwa. Tunasema "tangu saa sita usiku" kwa kila mtu, kisha orodha ya thieta inasogea, na mgonjwa aliyekuwa wa tatu anaingia saa nane mchana, saa kumi na nne bila hata tone la maji. Anaingia amekauka, presha iko chini, mishipa haionekani, na mwenye kisukari yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Miongozo ya usingizi inayotumika duniani inasema saa sita kwa chakula chepesi na maziwa, saa nne kwa maziwa ya mama, na saa mbili kwa maji au chai ya rangi. Uji ni chakula, tusiubatize jina la kinywaji. Kwa wa dharura na kwa wale ambao tumbo lao halisagi kawaida, mwenye neno ni mtaalamu wa usingizi. Ila kwa huyu wa ngiri ya kupangiwa, asubuhi piga simu thieta uulize zamu yake itafika lini, umwombee ruhusa anywe maji. Simu hiyo haimalizi dakika mbili.

Wembe nao. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi katika mwongozo wake wa mwaka 2016: nywele mahali pa upasuaji ziachwe, na ikiwa ni lazima ziondolewe, ziondolewe kwa mashine ya kukatia, wala si kwa wembe. Wembe unaacha mikwaruzo midogo isiyoonekana ambamo vijidudu vinalala vikingoja kidonda. Hata hivyo bado kuna wodi ambako mgonjwa anaambiwa anunue wembe dukani pamoja na sabuni. Sabuni ni sawa, aoge vizuri. Wembe urudi dukani. Mwongozo huo huo unataka antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa, na unasema isiendelezwe baada ya upasuaji kwa lengo la kukinga tu. Kwa hiyo muuguzi wa wodi aliyechoma sindano alfajiri kwa mgonjwa atakayepasuliwa mchana amefanya kazi bure, na ni lazima aliseme hilo anapomkabidhi mgonjwa ili dawa itolewe upya kwa wakati wake.

Vitu vya mwilini vivuliwe: pete, mkufu, meno ya bandia. Angalia pia rangi ya kucha na hina nzito vidoleni, kwa sababu kifaa cha kupima oksijeni kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye kidole. Tafuta kidole kisicho na rangi au kitundike sikioni. Shanga za kiunoni na hirizi zinahitaji adabu. Nimewahi kusikia muuguzi akiikata hirizi kwa mkasi mbele ya wodi nzima huku akitoa hotuba. Mgonjwa yule aliingia thieta akilia. Mwombe mwenyewe aivue, au ndugu yake, ifungwe kwenye kitambaa na akabidhiwe mtu wake. Ikiwa haiko karibu na sehemu ya kukatwa wala njia ya umeme wa mashine ya kuchomea mishipa, zungumza na wa thieta muone kama inaweza kufunikwa plasta. Imani ya mgonjwa haiko kwenye orodha ya vitu vya kusafishwa.

Thieta sitakaa sana, maana wenzetu wa kule wana utaratibu kuliko sisi sote. Nina mambo mawili tu.

La kwanza ni ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, inayosomwa mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Vijana wengi wanadhani ni karatasi iliyoletwa na wageni. Ilipojaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za dunia, moja ilikuwa yetu, Ifakara. Nyingine zilikuwa London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Wauguzi wa bonde la Kilombero walishiriki kuithibitishia dunia, halafu leo sisi tunaijaza yote kwa mkupuo mgonjwa akiwa ameshashonwa, tiki tiki tiki. Orodha ile haikuundwa kujazwa. Iliundwa kusomwa kwa sauti, watu wakanyamaza, kila mmoja akataja jina lake na kazi yake. Muuguzi mdogo aliyekwisha taja jina lake mbele ya daktari bingwa anapata ulimi wa kusema dakika tano baadaye, "Dokta, samahani, faili linasema ngiri ya kushoto." Asiyetaja jina lake mara nyingi hunyamaza.

La pili ni kuhesabu. Gozi, sindano na vyombo vihesabiwe na watu wawili, kwa sauti, kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na tena ngozi inapofungwa. Hesabu isipokaa sawa, mpasuaji asimame, hata kama amechoka, hata kama ni saa tisa usiku. Gozi moja iliyolowa damu inafanana kabisa na utumbo unaoizunguka. Na mkiwa hapo, mfunikeni mgonjwa. Aliyelala kwa nusu kaputi hana mkono wa kujivutia shuka, na aliyechomwa ganzi ya mgongoni anasikia kila mnachosema juu ya mwili wake.

(Kwa kuwa nimetaja thieta, wanaodharau mikono ya muuguzi wajue kwamba glavu za mpira za upasuaji ziliingia thieta kwa ajili ya muuguzi. Caroline Hampton, wa hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani, alikuwa akiumia ngozi ya mikono kwa dawa za kuua vijidudu, na mpasuaji William Halsted akamwagizia glavu kwa kampuni ya Goodyear, kati ya mwaka 1889 na 1890. Faida yake kwa mgonjwa ilikuja kuonekana baadaye.)

Sasa tutoke mlangoni na toroli, tufike nilikokuwa nakwenda.

Makabidhiano kati ya thieta na wodi ni mahali ambapo habari inamwagika. "Sista, huyu ni wa kidole tumbo, ameamka, dripu inaenda." Huo si ukabidhi. Usimpokee mgonjwa mpaka umejua alipewa usingizi gani, dawa gani ya maumivu na saa ngapi, alipoteza damu kiasi gani, ana mirija mingapi na inatoka wapi, kulitokea nini mezani, na daktari anataka apimwe kila baada ya muda gani. Halafu pima mwenyewe pale pale, aliyemleta akiwa bado amesimama. Ukikuta oksijeni iko 88, toroli lirudi. Usione haya kulirudisha. Mgonjwa wa nusu kaputi ambaye hajaamka vizuri alazwe ubavu, ulimi na matapishi visizibe njia ya hewa, na asiachwe peke yake hata kama kuna dawa za kugawa. Ukoromaji wake usikutulize: hewa inapita kwa shida.

Halafu inakuja chati.

Nendeni leo kwenye faili lolote la mgonjwa aliyepasuliwa wiki iliyopita, mfungue ukurasa wa vipimo vya usiku wa kwanza. Mtakuta saa nne usiku presha 120/80, mapigo 80, pumzi 20, joto 36.5. Saa sita, vivyo hivyo. Saa nane, vivyo hivyo. Saa kumi, vivyo hivyo, kwa wino ule ule, mwandiko haujatetereka, kama mtu aliyeketi mahali pamoja akazishusha zote kabla ya kukabidhi zamu. Hakuna binadamu ambaye mapigo yake hukaa 80 usiku kucha, sembuse aliyetoka kupasuliwa. Na hiyo pumzi 20 ndiyo inayotuumbua zaidi, kwa sababu upumuaji hauna mashine wodini kwetu. Unahesabiwa kwa kusimama dakika nzima ukitazama kifua. Wote wodini wakiwa na pumzi 20, maana yake hakuna aliyehesabiwa.

Najua sababu zake. Muuguzi mmoja na wodi nzima, mashine ya presha moja inayozunguka wodi mbili, betri ya kipimajoto imeisha tangu mwezi uliopita, na msimamizi anayekagua faili akikuta kisanduku kitupu anafoka. Kwa hiyo tunajaza ili tusifokewe. Nasema bila kuzunguka, na wasimamizi wa wodi wanisikie: heri kisanduku kitupu kuliko namba ya uongo. Kisanduku kitupu kinamwambia wa zamu inayofuata kwamba mgonjwa huyu hakupimwa, kampime. Namba ya uongo inamwambia yuko salama, kalale. Msimamizi anayefoka kwa sababu ya kisanduku kitupu anawafundisha wauguzi wake kudanganya, na yeye ndiye wa kwanza kurekebishwa. Kama hukuweza kupima, andika "hakupimwa, mashine iko wodi nyingine," weka saa, weka sahihi. Karatasi hiyo ndiyo itakayotusaidia kudai mashine ya pili. Chati zinazoonyesha kila kitu kinakwenda sawa haziwezi kumshawishi mganga mkuu kwamba tuna upungufu.

Vipimo vya kweli vinasema mapema sana, kwa anayejua kuvisikiliza. Tuseme mama amejifungua kwa upasuaji saa kumi jioni. Saa kumi na moja mapigo 84, presha 120/78. Saa kumi na mbili mapigo 98, presha 118/80. Saa moja usiku mapigo 116, presha 112/80. Anayetazama presha peke yake anaona mambo ni mazuri. Anayetazama mapigo anaona mama anayevuja damu. Mwili wa kijana unajitahidi: moyo unakimbia, mishipa inajibana, presha inashikiliwa isishuke, mpaka akiba inapokwisha na inaporomoka ghafla, na hapo tunasema "alibadilika ghafla." Hakubadilika ghafla. Alikuwa akibadilika kwa saa tatu.

Kwa hiyo usiitazame namba moja, tazama mwendo wake. Kisha fungua shuka. Pitisha mkono chini ya mgongo na chini ya makalio, maana damu hufuata mteremko na kidonda kinaweza kuonekana kikavu juu wakati godoro limelowa. Shika tumbo la uzazi uone kama limekaza. Tazama mfuko wa mkojo: mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa kutoa kama mililita 30 kwa saa, na mkojo ukipungua ni figo zinazosema hazipati damu ya kutosha. Gusa viganja na nyayo. Mwulize jina lake na umsikilize anavyojibu, kwa sababu mgonjwa aliyekuwa mpole na sasa anahangaika, anavua shuka, anasema ana kiu, anaomba afunguliwe dirisha, huyo kakosa hewa au kakosa damu mpaka uthibitishe vinginevyo. Usimwambie atulie.

Katika utafiti ule ule wa Afrika, upasuaji wa kujifungua ulikuwa theluthi moja ya upasuaji wote. Kati ya akina mama 3,684 waliochambuliwa, 20 walifariki. Ni kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri, na kutokwa damu kulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Wodi ya wazazi imezoeleka kuonwa wodi ya furaha, na pengine ndiyo maana chati zake ndizo zinazojazwa kwa haraka kuliko zote.

Kupima bila kusema ni kazi nusu. Ukiona mapigo yanapanda, mpigie daktari, na usimpigie kwa kunong'ona. "Dokta, samahani, mgonjwa wako wa kitanda cha sita hayuko vizuri" ni maneno yanayomruhusu mtu aliyelala aseme "endelea kumwangalia." Mpe asichoweza kukikwepa: "Dokta shikamoo, ni muuguzi wa zamu wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha sita, alijifungua kwa upasuaji saa kumi jioni. Mapigo yalikuwa 84, sasa ni 118. Presha imeshuka mpaka 100/60. Mkojo mililita 20 kwa saa mbili. Nimebadilisha shuka mara mbili, limelowa damu. Nimeongeza kasi ya dripu, nakanda tumbo la uzazi, maabara wanaandaa damu. Naomba uje sasa hivi." Andika saa uliyopiga na alichojibu. Asipokuja, piga kwa anayemfuata. Adabu yetu ya kuogopa kusumbua wakubwa ni nzuri sebuleni. Wodini usiku, mkubwa ni mgonjwa.

Na hapa nisiwadanganye. Watafiti wale wale walirudi na jaribio la pili, matokeo yakatoka mwaka 2021. Wagonjwa walioonekana kuwa hatarini zaidi walipangiwa uangalizi wa ziada: kupimwa mara nyingi zaidi, kulazwa kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, kuruhusiwa ndugu akae nao, kuwekewa mwongozo kitandani, na ikiwezekana kupelekwa wodi ya uangalizi wa juu. Vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Wapo waliosema basi kuangalia hakusaidii. Mimi nasoma tofauti. Macho peke yake hayatoshi pale ambapo hakuna damu benki, hakuna oksijeni, hakuna daktari anayekuja akiitwa, na muuguzi ni yule yule mmoja aliyeongezewa kazi. Tusikubali kubebeshwa lawama yote kwa sababu sisi ndio tunaokesha. Lakini pia bila namba za kweli hakuna kitu cha kuanzia, si kwa daktari wala kwa anayepanga ikama ya wauguzi.

Ndugu wa mgonjwa tunawafukuza mno. Muda wa kuona wagonjwa ukiisha tunapiga kengele, halafu usiku tunabaki na watu wengi tusioweza kuwaona wote. Kwa mgonjwa wa usiku wa kwanza, chagua ndugu mmoja mwenye akili iliyotulia, mwonyeshe vitu vichache: akikoroma vibaya niite, shuka likilowa niite, akianza kuhangaika niite, mfuko wa mkojo usiguse sakafu. Yeye hashiki nafasi yako na hatajaza chati. Anakuongezea macho.

Maumivu tusiyafanye kipimo cha ushujaa. Anayeumwa tumbo hapumui kwa kina, hakohoi, hageuki, na kifua chake kinajaa makohozi yanayogeuka nimonia. Kumwambia mama "jikaze, wenzako wamezaa bila kelele" si uuguzi. Dawa iliyoandikwa kila baada ya saa sita itolewe kila baada ya saa sita, asisubiriwe alie kwanza. Mwenye pethidini au mofini ahesabiwe pumzi, na zikishuka chini ya kumi kwa dakika ni kumwita mtaalamu wa usingizi mara moja.

Kuhusu chakula, wodi zetu nyingi bado zinamsubirisha mama wa upasuaji mpaka ajambe. Kila asubuhi swali ni hilo, "Umejamba?", mpaka wa vitanda vya jirani wanajua habari zake. Kwa upasuaji wa kujifungua usio na matatizo, ushahidi uliopo ni kwamba kunywa na kula mapema hakumdhuru, na kunasaidia utumbo kuamka. Aliyeshonwa utumbo ni habari nyingine, huyo anafuata maelekezo ya mpasuaji wake. Kaeni na madaktari wenu mkubaliane utaratibu wa wodi, swali lile libaki kwa wanaolihitaji. Kuamka kitandani nako kuanze mapema, ila mara ya kwanza akae kwanza ukingoni, miguu ikining'inia, umshike. Aliyechomwa ganzi ya mgongoni anaweza kudhani miguu imerudi kumbe haijarudi, na kwa sababu hiyo hiyo asiwekewe chupa ya maji ya moto miguuni: ataungua bila kusikia.

Siku ya kuruhusiwa tunampa karatasi na tarehe ya kliniki, na tunamsahau kabla hajafika getini. Maambukizi ya kidonda yanahesabiwa hadi siku ya 30 baada ya upasuaji, na mama wa upasuaji anaondoka siku ya tatu. Kwa hiyo kidonda kinaharibikia nyumbani, chini ya mikono ya bibi au mama mkwe, ambaye hatukumwita wakati tunatoa maelekezo. Mwiteni. Mwambieni, kwa heshima yake yote, kwamba huyu asikandwe tumbo kwa maji ya moto kama alivyokandwa yeye, kwa sababu kuna mshono wa ndani na wa nje na ngozi bado ina ganzi. Mtori na supu aendelee navyo, hapo mna baraka zetu. Kidonda kisipakwe majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Joto likipanda, usaha ukitoka, mshono ukiachia, harufu ikibadilika, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikirudi kwa wingi, arudi siku hiyo hiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa. Muulizeni arudie kwa maneno yake. Na muwape namba ya simu ya wodi, ile inayopokelewa.

Wasimamizi wa wodi, naomba waraka huu usomwe kwenye makabidhiano ya asubuhi siku tatu mfululizo, ili zamu zote ziusikie. Kwenye mkutano wa tawi ujao kila wodi ilete chati tano za usiku wa kwanza baada ya upasuaji, majina ya wagonjwa na ya wauguzi yakiwa yamefunikwa, tuzisome pamoja. Chati yenye visanduku vitupu vilivyoandikwa sababu itapokelewa bila lawama. Yenye 120/80 kuanzia juu hadi chini itajadiliwa.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti wa Tawi